Kiti cha Refa: Miaka 200 ya Kutafuta Namna ya Kucheza Bila Bosi

Tuanze na Ijumaa moja usiku. Chumba cha hosteli, vitanda vimesukumwa ukutani, katikati kuna meza ya kusomea. Juu yake dadu, penseli, bakuli la karanga na chupa ya soda iliyokwisha gesi. Tuko wanne. Kiti cha tano kiko wazi.

Aliyekuwa anakaa pale alimaliza shahada yake ya uzamili, akapata kazi mkoani, akaondoka. Kwa miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa mwendesha mchezo wetu. Na bila yeye hatukujua tufanye nini na zile dadu.

Kama hujawahi kucheza michezo hii, ngoja nikupe picha ya haraka. Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, kila mchezaji anashika mhusika mmoja: mpiga upanga, mganga, mwizi mwenye roho nzuri. Hakuna jukwaa wala mavazi. Mnakaa tu mezani mnasimuliana. Unasema mhusika wako anafanya nini, dadu zinarushwa pale ambapo matokeo hayajulikani, na hadithi inasonga mbele. Kwa kawaida mtu mmoja kati yenu hana mhusika wake. Huyo ndiye mwendesha mchezo. Yeye ndiye dunia yote iliyobaki: mvua, mlinzi wa lango, zimwi la pangoni, hadi bei ya mkate sokoni. Yeye ndiye anayejua kilichoko nyuma ya mlango. Na mkibishana, neno lake ndilo la mwisho.

Sasa akiondoka? Sisi tulikaa miezi mitatu bila kucheza. "Endesha wewe." "Mimi? Nina tasnifu." Ndipo tulipogundua ukubwa wa ile kazi. Jamaa alikuwa anatumia jioni mbili kila wiki kuandaa ramani na wahusika, wakati sisi tulikuwa tunakuja na karanga tu. Polepole tukaanza kupishana kwenye korido kwa salamu za haraka, kila mtu na maabara yake. Mimi nilikuwa naamini urafiki wetu ni wa watu watano. Kumbe ulikuwa umeegemea kiti kimoja.

Basi nikaanza kusoma: hiki kiti kilitoka wapi? Na je, kuna waliowahi kukiondoa mchezo ukaendelea? Majibu yalinirudisha miaka 200 nyuma, hadi kwenye jeshi la Prussia, ufalme ambao leo sehemu yake kubwa iko Ujerumani. Twende taratibu.

Refa alizaliwa jeshini

Mwaka 1824 luteni mmoja wa kikosi cha mizinga, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo alioutengeneza kwa kuendeleza kazi ya baba yake. Kwa Kijerumani mchezo huu unaitwa Kriegsspiel, yaani mchezo wa vita. Ulichezwa juu ya ramani halisi ya kijeshi ya kipimo cha 1:8000, kwa hiyo sentimita moja mezani ilikuwa mita 80 ardhini. Kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita. Alipouonyesha kwa mnadhimu mkuu wa jeshi, Jenerali von Müffling, mzee alianza kwa kuutazama bila hamu. Hadi mwisho alikuwa amewaka. Aliutangaza kwa maofisa wake si kama burudani bali kama shule ya vita, na mfalme akaagiza usambazwe jeshini.

Kilichokuwa kipya pale kilikuwa mtu aliyesimama kati ya pande mbili. Hebu fikiria sataranji au drafti: kete zote ziko wazi, unaona kila kitu cha mwenzako. Vita haiko hivyo. Adui yuko nyuma ya kilima na wewe hujui. Barua uliyomtumia kamanda wako inachelewa njiani. Ili jambo hilo liwezekane mezani, lazima awepo mtu wa tatu anayejua siri za pande zote mbili. Wachezaji walimwandikia amri zao. Yeye aliamua zimefika saa ngapi, akaweka kwenye ramani vile vikosi tu ambavyo macho ya adui yangeweza kuviona, akarusha dadu, akahesabu waliokufa. Huyo ndiye refa.

Hapo naomba uweke alama ya penseli, tutarudi: *kiti cha refa kilijengwa kwa ajili ya kutunza siri.*

Tatizo ni kwamba kanuni zilikuwa nyingi na hesabu ndefu. Dakika mbili za vita zingeweza kula muda mwingi wa jioni. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, akapendekeza njia ya mkato: tupunguze majedwali na dadu, tumwachie ofisa mwenye uzoefu aamue kwa busara yake. Yaani badala ya refa kusoma kanuni, refa mwenyewe akawa kanuni. Mchezo ukawa mwepesi. Lakini kuanzia hapo ubora wake ukategemea kichwa cha mtu mmoja.

Wakati huohuo, watoto wanne wa Haworth

Sasa subiri. Miaka miwili tu baada ya Reisswitz, Juni 1826, kasisi mmoja wa kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza, alirudi kutoka Leeds na zawadi ya mwanawe wa kiume: boksi la wanajeshi 12 wa mbao. Mtoto aliitwa Branwell. Dada zake waliokuwa hai walikuwa Charlotte, miaka 10, Emily, miaka 7, na Anne, miaka 6. Ndiyo, ni walewale Brontë waliokuja kuandika riwaya zinazosomwa hadi leo.

Kila mtoto alijichagulia mwanajeshi wake. Charlotte akamwita wake Wellington, Branwell akamwita wake Bonaparte. Wakawaundia nchi, Glass Town, waliyoiweka kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Bara hilo walilijua kupitia vitabu na magazeti ya nyumbani kwao tu, wakalichukulia kuwa uwanja mtupu wa askari wao kushinda, jambo linalokueleza mengi kuhusu yale magazeti. Wakaandika magazeti madogo madogo ya nchi hiyo, kwa herufi ndogo mno, kana kwamba yangesomwa na wale askari wa mbao.

Nani alikuwa refa? Hakuna. Au tuseme, wote wanne. Walijipa cheo cha majini wakuu wa nchi ile, na jini angeweza kumfufua askari aliyekufa. Kila mmoja alikuwa na himaya yake ndani ya ile nchi. Ukikumbuka mlivyocheza mchezo wa baba na mama utotoni, utaona hakuna la ajabu. Hakuna mtoto aliyekaa pembeni kama mwendeshaji. "Wewe mama, mimi baba, yule daktari," kisha mkaanza.

Lakini usidhani ilikuwa amani tupu. Kadiri walivyokua, Charlotte na Branwell ndio waliotawala hadithi. Mnamo 1831 hivi, Emily na Anne wakajitoa wakaanzisha dunia yao wenyewe, Gondal. Watafiti wengi wanaona kwamba wadogo wale walichoka kupewa nafasi za chini. Na Gondal haikuishia utotoni. Mwaka 1845 Emily na Anne walisafiri pamoja hadi York, na Emily ameandika kwamba safarini walikuwa wakiigiza wahusika wa Gondal. Mmoja alikuwa na miaka 26, mwenzake 25. Watu wazima wawili, hakuna dadu, hakuna kanuni iliyoandikwa, hakuna mwendeshaji. Kwa hiyo mtu akikuambia mchezo wa namna hii hauwezekani bila bosi, mwambie ulikuwapo karibu karne na nusu kabla ya Dungeons & Dragons.

Ila tubaki na hilo la wadogo kuchoka. Nalo tutalirudia.

Minnesota, ambako refa alikutana na mhusika

Turuke hadi Marekani, mwaka 1969. Katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, kulikuwa na vijana wapenzi wa michezo ya vita. Mmoja wao, David Wesely, alikuwa amesoma kitabu cha zamani cha michezo ya vita cha mwaka 1880, Strategos cha Mmarekani Charles Totten, akapenda wazo lake kwamba mchezaji anaruhusiwa kujaribu chochote na refa ndiye anayeamua kama kinawezekana. Wesely akaandaa mchezo katika mji wa kubuni wa Ujerumani unaoitwa Braunstein. Badala ya kumpa kila mtu kikosi cha jeshi, aliwapa baadhi ya wachezaji mtu mmojammoja: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo.

Ikawa vurugu. Wachezaji hawakusubiri zamu, wakaanza kunong'onezana vyumba vya pembeni, wawili wakaitana kupigana ana kwa ana, jambo ambalo Wesely hakuwa amelipangia kanuni yoyote. Alienda nyumbani akiamini mchezo umemshinda. Wenzake wakamfuata: lini tunarudia?

Kisha Wesely akaitwa jeshini, kiti kikabaki wazi. (Unaona? Si sisi wa kwanza.) Wenzake wakakikalia kwa zamu. Mmoja wao, Dave Arneson, akaanzisha mwaka 1971 nchi ya mazimwi na mapango aliyoiita Blackmoor. Akashirikiana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, na mwaka 1974 wakatoa Dungeons & Dragons: boksi lenye vijitabu vitatu, bei dola 10, nakala 1,000 za kwanza. Kijitabu kilikadiria refa mmoja kwa wachezaji kama 20. Ishirini! Sisi wanne tulimchosha mtu mmoja.

Kwa hiyo ule mchezo uliokuja kuenea duniani ulikuwa mchanganyiko: mhusika wako mwenyewe, kama watoto wa Haworth, na refa mtunza siri, kama jeshi la Prussia. Na kwa kuwa karibu michezo yote iliyofuata ilinakili umbo hilo, watu wakaamini kiti cha refa ni sehemu ya maumbile ya mchezo. Si maumbile. Ni historia tu.

Njia tatu za kukiondoa kiti

Majaribio ya kukiondoa yalianza mapema kuliko nilivyotarajia. Ukiyapanga, yanaangukia kwenye makundi matatu.

*La kwanza: mfungie refa ndani ya kitabu.* Mwaka 1975 toleo la kwanza la jarida la kampuni ya Gygax lilitoa majedwali ya kumwezesha mtu kuchunguza mapango peke yake: unarusha dadu, jedwali linakuambia mbele kuna korido, chumba au ngazi. Mwaka 1976 Rick Loomis akatoa Buffalo Castle kwa ajili ya mchezo wa Tunnels & Trolls. Unasoma aya, unachagua, unaambiwa nenda aya nyingine. Uzao wa njia hii bado uko hai. Ironsworn ya Shawn Tomkin ya mwaka 2018, ambayo kitabu chake cha kidijitali kinatolewa bure, ina majedwali ya kuuliza maswali: je, daraja bado lipo? Rusha dadu, tafsiri jibu. Unaweza kuicheza peke yako au na wenzako bila mwendeshaji.

*La pili: zungusheni kiti.* Ars Magica ya Jonathan Tweet na Mark Rein·Hagen ya mwaka 1987 ilihusu jumuiya ya wachawi wasomi, na ilihimiza wachezaji wapokezane uendeshaji. Leo wewe, wiki ijayo mimi, na mhusika wa anayeendesha anabaki nyumbani na vitabu vyake. Kiti bado kipo, ila hakuna anayekimiliki.

*La tatu: kipasueni kiti vipandevipande, kila mtu achukue kipande chake.* Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyonivutia. Kipande kimoja unaweza kukiona mwaka 1998 kwenye mchezo wa James Wallis kuhusu Baron Munchausen, yule mtawala maarufu wa uongo. Kila mchezaji anasimulia kisa chake cha kujisifu. Wenzake wanaweza kumkatiza kwa kuweka sarafu mezani na kumtia tatizo jipya. Mwisho wa mchezo kila mtu anatoa mfuko wake wa sarafu kwa msimulizi anayemwona bora. Hakuna refa. Sarafu ndizo zinazoamua nani anaingilia nani.

Sababu ya kuwa vigumu

Ukitaka kuelewa ugumu, jaribu zoezi hili. Mhusika wako amefungiwa gerezani. Ni wewe uliyesema amefungiwa. Sasa wewe mwenyewe sema anatokaje. Unaweza kusema alikuta ufunguo chini ya mkeka. Haya, ametoka. Umefurahi? Haina ladha.

Mbunifu wa Marekani Paul Czege ndiye aliyelisema wazo hili hadi likapewa jina lake: mtu mmoja akitunga tatizo la mhusika wake na pia akatunga suluhisho lake, mchezo unakufa. (Huyohuyo Czege mwaka 2003 alitoa mchezo kuhusu vijakazi wa bwana katili. Alikuwa na jambo na mabwana.)

Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka miwili ya kucheza haikunifundisha. Nilidhani kazi kubwa ya mwendeshaji ni kujua kanuni, au kutunza siri kama yule refa wa Prussia. Siri unaweza kuziacha. Kwenye michezo mingi isiyo na mwendeshaji, wachezaji wote wanajua kwamba waziri ni msaliti; ni wahusika tu wasiojua, na utamu unakuwa kumtazama mhusika wako akienda kumwamini. Kanuni nazo ziko kitabuni. Kazi isiyoachika ni nyepesi kuitaja: *kuwa mtu mwingine.* Lazima awepo mtu asiye wewe anayeweza kukukatalia.

Ukishaliona hilo, michezo iliyofuata inaeleweka mara moja. Polaris ya Ben Lehman ya mwaka 2005 inachezwa na watu wanne kuzunguka meza. Mimi nikiwa shujaa, aliyekaa mkabala nami ndiye anayeshika maovu yanayomwandama. Walioko kulia na kushoto wanaigiza watu wengine wa maisha yake. Zamu ikipita, nafasi zinazunguka, na sasa mimi ndiye shetani wa mtu. Mabishano yanaendeshwa kwa maneno maalumu: unasema jambo linatokea, mpinzani anakubali kwa sharti, unarudisha sharti lako. Usishangae kwamba maneno tu yanaweza kubeba mamlaka. Ukisema "Kitendawili!" wenzako wakajibu "Tega!", tayari umepewa zamu. Hakuna mwenyekiti aliyekuruhusu.

Fiasco ya Jason Morningstar ya mwaka 2009 ilifanya hivyohivyo kwa ujanja mwingine. Ni mchezo wa watu watatu hadi watano kuhusu watu wa kawaida wenye tamaa kubwa na akili ndogo, kama kwenye filamu za ndugu Coen. Kila mchezaji analeta dadu nne, mbili za rangi nyeupe na mbili za rangi nyeusi. Zamu yako ikifika unachagua: ama wewe unaanzisha tukio na wenzako wanaamua limalizike vizuri au vibaya kwa kukupa dadu nyeupe au nyeusi, ama wao wanaanzisha tukio na wewe ndiye unayeamua mwisho wake. Huwezi kupata vyote viwili. Ni ileile hekima ya kugawana mkate kati ya watoto wawili: mmoja anakata, mwingine anachagua. Hahitajiki mzazi wa kusimamia, kwa sababu haki imewekwa ndani ya utaratibu wenyewe.

Jaribio letu, na kosa langu

Nilirudi kwa wenzangu na habari njema. Tukakutana Ijumaa. Nikasema, jamani, tunaweza kucheza bila mwendeshaji, wacha tuanze tu, kila mtu achangie.

Ulikuwa usiku mbaya. Si kwamba tuligombana, afadhali tungegombana. Kila swali likitokea kulikuwa na kimya kifupi, na katika kile kimya mimi nilikuwa wa kwanza kusema. Mlangoni kuna nani? Nikasema. Mfalme anataka nini? Nikasema. Saa tano usiku mwenzetu wa Jiolojia akacheka: "Sasa si umekuwa mwendeshaji tu? Tofauti ni kwamba yule tulimchagua."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Na kuna mtu alishalieleza jambo hili zamani, nje kabisa ya michezo. Mwaka 1970 Jo Freeman, mwanaharakati wa haki za wanawake na mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alitoa hotuba kwa makundi ya wanawake yaliyojivunia kutokuwa na viongozi wala muundo. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna kundi lisilo na muundo. Usipouweka wazi, unajitengeneza kwa siri, na madaraka yanaangukia kwa wenye sauti, muda na marafiki, bila njia ya kuwawajibisha. Hotuba hiyo ikawa insha inayosomwa hadi leo na wanafunzi wa sayansi ya jamii. Wale wadogo wawili wa Haworth wangeielewa bila kufundishwa.

Kwa hiyo nilikosea kudhani kwamba ukiondoa bosi umeondoa kanuni pia. Ni kinyume chake. Verdy aliondoa kanuni akaweka mtu. Ukimwondoa mtu, inabidi kanuni zirudi, tena ziwe makini zaidi, kwa sababu sasa zinalinda zamu ya yule asiyependa kupiga kelele.

Mwaka mtulivu

Wiki iliyofuata tulicheza The Quiet Year ya Avery Alder, iliyotoka mwaka 2013. Vifaa ni vya kila nyumba: karata 52, karatasi moja kubwa, penseli, dadu chache, na vitu vidogo vya kuhesabia. Sisi tulitumia visoda. Mnaigiza jumuiya iliyonusurika baada ya maangamizi, na mna mwaka mmoja wa utulivu kabla ya wageni wa kutisha kufika. Kila karata ni wiki moja, kila aina ya karata ni msimu: kopa, uru, pau, kisha shupaza. Akitoka mfalme wa shupaza, mchezo umekwisha, hata kama hamjamaliza mnachojenga.

Kanuni yake inayoshangaza wengi ni kuhusu kimya. Zamu yako ikiwa yako, unaamua mwenyewe na kuchora kwenye ramani. Huruhusiwi kuomba ushauri, wengine hawaruhusiwi kukuelekeza. Mkitaka kujadili jambo, mtu anatumia zamu yake nzima kufungua mjadala, na hapo kila mmoja anasema mara moja tu, sentensi moja au mbili. Mjadala unaisha bila uamuzi. Ukiona jamii imefanya kitu bila kukujali, huingilii. Unachukua kisoda kimoja cha kinyongo unakiweka mbele yako, wote wakione.

Sasa, kati yetu kuna mwenzetu wa Takwimu. Kwa miaka miwili mchango wake mkubwa mezani ulikuwa "nampiga kwa upanga." Sote tulidhani ndivyo alivyo. Wiki ya tatu ya mchezo alichora kisima, akaanza mradi wa kuleta maji kutoka mtoni: wiki sita. Ukianza mradi unaweka dadu kwenye ramani kuhesabu wiki zilizobaki. Zamu yangu ilipofika, mimi bila kufikiri nikachora bwawa juu ya mto uleule. Wazo langu lilikuwa zuri, nilidhani.

Hakusema neno. Alinyoosha mkono, akachukua kisoda, akakiweka mbele yake. Kililia kidogo kwenye mbao. Na mimi sikuruhusiwa kujieleza! Ilibidi nikae pale nikikitazama kile kisoda, zamu baada ya zamu, nikijiuliza ni mara ngapi katika ile miaka miwili nilimjengea bwawa bila yeye kuwa na kisoda cha kuchukua.

Baadaye alifungua mjadala mwenyewe. Baadaye tena akahamisha kisima. Msimu wa baridi alianza mradi wa pili wa maji, na mfalme wa shupaza akatoka dadu yake ikiwa bado inaonyesha mbili. Wiki mbili tu. Tukapiga kelele wote wanne, na yeye ndiye aliyepiga kubwa kuliko wote.

Wakati tunakusanya karata nilimwambia samahani kwa lile bwawa. Akaniambia, "Kaka, bwawa lilikuwa sawa tu. Ulichokuwa hujui ni kwamba mimi nipo."

Ukitaka kujaribu leo usiku

Sijasema mwendeshaji ni mtu mbaya. Mwenzetu aliyeondoka alikuwa mzuri sana, na siku akija likizo kiti chake kipo. Mchezo wenye fumbo la kweli, ambamo hamjui muuaji ni nani, bado unamhitaji mtu wa kutunza siri, kama mwaka 1824. Lakini kundi lako likivunjika kwa sababu hakuna wa kuendesha, jua kwamba kuna njia.

Kabla hamjaanza, jiulizeni maswali manne. Nani anasema sasa, na zamu inapitaje? Tatizo la mhusika wangu anatunga nani? Mwisho wa tukio anaamua nani, ambaye si yuleyule? Na aliyeonewa ana njia gani ya kuonyesha bila kulazimika kupaza sauti? Mchezo mzuri usio na mwendeshaji una majibu ya yote manne. Kama mchezo wenu hauna, basi mwendeshaji yupo, ila hamjaambiana ni nani.

Anzeni na karata na karatasi kubwa. Na kama wewe ndiye unayezungumza kwanza kila kukiwa na kimya, kama mimi, hesabu hadi kumi kwanza.